Kalibu ya jigi za sangara: tafuta ndoana kwanza

Swali: Ninaishi Ilemela. Navua kwa fimbo na rili kwenye mawe ya ufukweni, na mara nyingine nikiwa kwenye mtumbwi. Jigi za dukani, yaani ndoana zenye kichwa cha madini ya risasi, ni ghali, na kila nikitoka naziacha mbili tatu zimenasa miambani. Nataka kuzisubu mwenyewe. Mtandaoni nimeona kalibu ya alumini kutoka Marekani, ya jigi za samaki aina ya besi, ina matundu saba ya uzito tofauti. Je, inafaa kwa sangara wetu, au nichonge yangu ya jasi?

Jibu: Kalibu ya besi inafaa kumvulia sangara, ila hiyo ya matundu saba usiinunue. Na kabla hujalinganisha alumini na jasi, nenda kwanza dukani ukaulize ndoana. Kila kalibu ya jigi imechongwa kwa ndoana ya umbo fulani, unene fulani na pembe fulani ya shingo. Usipoipata ndoana hiyo Mwanza, mwezi huu na mwezi ujao, kalibu itabaki kabatini.

Itazame kwa karibu jigi yoyote uliyo nayo. Jicho la ndoana linachomoza juu ya kichwa cha risasi, halikai mbele kama la ndoana ya kawaida. Ni kwa sababu ndoana ya jigi imepindwa shingoni kiwandani, kwa nyuzi 90 au 60, na mara chache 30. Pindo hilo ndilo linaloifanya jigi ilale sawa inaponing'inia kwenye mshipi, ncha ikitazama juu, mbali na mawe. Ndani ya kalibu kuna mfereji mwembamba unaofuata pindo hilo hilo. Ndoana ya pembe nyingine hailali humo, na nusu mbili za kalibu hazifungi.

Kuna na suala la nguvu. Besi mkubwa kabisa katika rekodi za uvuvi wa fimbo ana kilo 10 na ushei, na wengi wanaovuliwa hawafiki kilo 3. Sangara anaweza kupita kilo 100, na hata wa kilo 8 ana taya gumu na anavuta kuelekea mapangoni. Kwa hiyo ndoana za besi, ambazo kwa kawaida ni 3/0 hadi 5/0 za waya mwembamba (namba ya kwanza ikikua, ndoana nayo inakua), zinanyooka. Unahitaji 5/0 hadi 7/0 za waya mnene, na waya mnene haukai kwenye mfereji uliochongwa kwa waya mwembamba. Robo milimita tu inatosha kuizuia kalibu isifunge. Kwenye alumini tatizo hilo linatibika: panua mfereji kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, ukijaribisha ndoana kila baada ya misuguo mitano sita. Ukipitiliza, risasi itavuja pembeni mwa shina na huna namna ya kuurudisha mfereji.

Ndoana utakazozikuta kwa wingi kwenye maduka ya zana za uvuvi, kama yale ya Mwaloni Kirumba, ni za kaputi na migonjo, yaani mishipi ya kutega: shina limenyooka kabisa. Usijaribu kuzipinda. Chuma chake kimekomazwa. Ukikipinda kikiwa baridi kinakatika, ukikipasha moto kinalainika na sangara wa kwanza atakinyoosha. Lakini ndoana hizo zinatengeneza jigi nzuri, mradi kalibu ichongwe kwa ajili yake: kichwa chenye umbo la punje ya risasi ya bunduki, jicho likitokea puani, na sehemu kubwa ya risasi ikae upande wa mgongo wa shina, ule ulio mbali na ncha. Uzito ukiwa upande huo ndoana inajigeuza yenyewe, ncha juu. Kalibu ya namna hiyo ni vigumu kuikuta kwenye maduka ya Marekani, kwa hiyo hapo jasi au fundi wa hapa ndiyo njia.

Sasa hayo matundu saba. Kalibu ya mchanganyiko ya besi huwa inaanzia 1/8 ya aunsi, yaani gramu 3.5, na kuendelea hadi aunsi 1, yaani gramu 28. Matundu madogo manne yanadai ndoana ndogo ambazo kwa sangara hazina kazi, nawe umeyalipia. Tafuta kalibu ya matundu matatu au manne yaliyo mazito: nusu aunsi ni gramu 14, robo tatu ni gramu 21, aunsi moja ni gramu 28. Ukirusha kutoka kwenye mawe, kwenye maji ya mita 3 hadi 8, gramu 14 na 21 zinatosha. Gramu 28 iweke kwa ajili ya mtumbwi, au siku upepo unapopinda mshipi usisikie tena chini. Ziwa Victoria lote lina kina cha wastani wa mita 40 tu, na karibu na ufukwe ni pungufu sana. Vichwa vya gramu 60 vya baharini havihitajiki huku.

Umbo la kichwa ndilo litakaloamua utapoteza jigi ngapi, na hilo ndilo lililokufanya uulize. Kichwa cha duara ni rahisi kusubu na kinafaa kila mahali kwa kiasi, lakini kwenye nyufa za mawe ya Mwanza kinaingia kama gololi na kubana. Kichwa kipana kilicholala kwa ubavu, ambacho Wamarekani wanakifananisha na mpira wao wa kushika mkononi wenye umbo la yai (football), ni kipana kuliko ufa wa kawaida; kinabingirika juu ya jiwe, na kinapobingirika mkia wa jigi unainuka. Kwa mawe ya Ilemela mpaka Luchelele, hicho ndicho ningekichagua, chenye ndoana ya nyuzi 60 au 90. Kwenye mafunjo na magugumaji mambo yanageuka: upana unakokota majani, na jicho lililochomoza juu linakusanya uchafu. Hapo unataka kichwa chembamba cha mbele, jicho likiwa puani, na ndiyo sababu ile jigi ya ndoana iliyonyooka inafanya vizuri majanini kuliko miambani.

Kila kichwa kinachobaki ziwani ni risasi iliyobaki ndani ya maji ambayo watu wanachota na ndege wanatafutia chakula. Uingereza ilizuia uuzaji wa chubwi ndogo za risasi mwaka 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wakizimeza na kufa. Kuchagua umbo lisilonasa ni faida ya mfuko wako na ya ziwa pia.

Tuje kwenye kitu ambacho kalibu imetengenezwa nacho. Alumini inapata moto haraka, inapoa haraka, na ikitunzwa inasubu maelfu ya vichwa bila kubadilika. Ukinunua, kagua mambo matatu. Funga kalibu tupu uielekeze kwenye mwanga: ukiona mstari wa mwanga kati ya nusu mbili, iache. Itingishe ikiwa imefungwa: bawaba na pini zisicheze hata kidogo. Kisha weka ndoana yako ndani, ile utakayoitumia, siyo ya muuzaji, ufunge tena na uangalie mwanga mara ya pili.

Kama unaagiza kwa fundi wa karakana yenye drili ya kusimama, anza na kichwa cha duara, maana kinachongwa kwa kikata kimoja chenye ncha ya mviringo na hakuna cha kukisia. Mpe vipande viwili vya bamba la alumini, milimita 80 kwa 50, unene 15. Avibane pamoja kwanza, atoboe matundu mawili ya pini za milimita 5 kwenye kona zinazokabiliana, ndipo avitenganishe. Akifanya kinyume, nusu mbili hazitakutana kamwe. Kikata cha mviringo cha milimita 15, kikizamishwa milimita 7.5 kila upande, kinatoa duara la gramu 20 hivi, na ndoana inaongeza uzito wake. Nyuma ya duara atoe mfereji wa upana wa milimita 5 na urefu wa 8: hiyo ndiyo shingo ya kushikilia sketi ya mpira au mkia wa plastiki. Bila shingo hiyo kila sangara atakayegusa ataondoka na mkia. Mdomo wa kumwagia uwe kama faneli, milimita 8 juu na 4 chini. Usikubali bamba lililosubiwa kwa vyuma chakavu. Lina vishimo vidogo ndani, na risasi inashika humo.

Jiwe la sabuni linalochongwa Tabaka, huko Kisii ng'ambo ya mpaka, ni kalibu nzuri isiyotajwa sana. Linachongeka kwa kisu na tupa, linavumilia moto, na linakaa na joto muda mrefu kiasi kwamba vichwa vinajaa vizuri. Ubaya wake ni kwamba likianguka sakafuni limekwisha.

Jasi, ile ile ya unga inayotumika kwenye dari, ni ya kujaribia umbo kabla hujalipia alumini. Inachukua makumi machache ya vichwa, kisha kingo zinamong'onyoka. Chukua jigi moja ya mfano, uizike nusu kwenye udongo wa mfinyanzi ndani ya kiboksi cha sentimita 8 kwa 6, ndoana ikilala sawasawa kwenye uso wa udongo. Mstari wa kugawa lazima upite mahali kichwa ni kipana zaidi. Ukiuweka pembeni, risasi ikishaganda haitoki bila kuvunja. Bonyeza vishimo viwili kwenye udongo kwa ncha ya kalamu, vitakuwa meno ya kufungia. Pima gramu 150 za jasi na mililita 95 za maji. Nyunyiza jasi kwenye maji, siyo maji kwenye jasi, subiri dakika moja, koroga polepole usitie mapovu, mimina. Baada ya saa moja ondoa udongo, acha jigi mahali pake, pakaza mafuta mazito ya kujipaka kote, kisha mimina nusu ya pili. Ukitenganisha, chonga mdomo wa kumwagia, na kwa pini kwaruza vijia vya hewa, vyembamba kama unywele, kutoka kwenye kona ambazo risasi hufika mwisho.

Halafu kausha. Hapa ndipo watu wanapoungua. Jasi inayoonekana kavu bado imebeba maji, na risasi ya moto ikikutana na maji, maji yanageuka mvuke kwa kishindo na kuirusha risasi usoni. Iache juani wiki nzima, kisha ioke kwa joto la nyuzi 100 hadi 120 kwa saa tatu. Ingali ya moto, ilaze juu ya kioo kidogo cha kujitazamia kwa dakika mbili. Kioo kikipata ukungu, rudisha kwenye oveni. Kalibu ya alumini iliyolala nje usiku wakati wa vuli nayo ina unyevu. Ipashe moto vile vile. Usisubu mvua ikitishia, wala usimwage risasi huku jasho likidondoka juu ya chungu.

Kuhusu risasi yenyewe, vizito vya nyavu kuukuu ni vizuri mno: laini, safi, vinajaa kila kona. Vizito vya kubalansi magurudumu kutoka kwa mafundi tairi vinafaa, lakini siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Chuma kinashikwa na sumaku. Zinki unaitambua kwa koleo la kukatia: risasi inakubali meno kama sabuni, zinki inakataa. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, risasi kwenye 327, kwa hiyo ukiuweka moto chini, vipande vya zinki vitaelea na utaviengua kabla havijayeyuka. Vikiyeyuka, chungu kizima kinakuwa kama uji wenye madonge, hakijazi kalibu. Hata ukipata kichwa kizima cha zinki, tundu la gramu 28 litakupa gramu 18 tu. Betri za gari usiziguse kabisa: zina tindikali, na mchanganyiko wake unaweza kutoa gesi zenye sumu kali.

Kilo moja ya risasi inatoa vichwa kama 30 vya gramu 28 baada ya kuondoa takataka. Ongeza gramu 30 za risasi ya kuchomelea nyaya, ile yenye bati 60 kwa 100. Bati hiyo inaifanya risasi itiririke kwenye pembe nyembamba.

Fanyia kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, kwa jiko, sufuria na upawa ambavyo havitarudi jikoni tena maishani. Vaa glavu za ngozi, viatu vilivyofunika na miwani. Watoto na mama wajawazito wakae mbali, na ukimaliza oga na ufue nguo zako peke yake, kwa maana vumbi la majivu ya risasi ndilo linaloingia nyumbani bila kuonekana. Ubongo wa mtoto unaumia kwa kiasi kidogo mno cha risasi, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Joto linalofaa ni nyuzi 370 hadi 420. Bila kipimajoto, chovya kijiti kikavu cha msonobari: kikigeuka kahawia bila kuwaka, mimina, kikifuka moshi mwingi au kushika moto, punguza mkaa. Uso wa risasi ukianza kung'aa zambarau na dhahabu, kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi, umepitiliza. Tupia kipande cha mshumaa cha ukubwa wa punje ya mahindi, koroga, engua majivu ya juu. Matundu ya kalibu yapitishie moshi wa koroboi hadi yawe meusi kidogo. Masizi hayo yanasaidia risasi kuteleza na kutoka. Kisha subu vichwa vitano sita vya kwanza bila ndoana, uvirudishe chunguni. Hivyo ni vya kuipasha kalibu tu.

Kichwa chenyewe kitakuambia kilichoharibika. Kikiwa na mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kalibu ni ya baridi. Kikiwa cheupe na kichakavu kama chumvi, ni ya moto mno. Iache wazi dakika mbili. Kikijaa nusu ilhali kalibu ina moto, hewa haikupata pa kutokea, au umemimina kwa kusitasita. Mmimino uwe mmoja usiokatika, hadi risasi ibaki juu ya mdomo. Kikiwa na ubawa mwembamba wa risasi kandokando, kalibu haikufunga: tafuta tone lililoganda kwenye uso wa ndani kabla hujailaumu ndoana. Jicho la ndoana likizibwa, mfereji wa jicho ni mpana kuliko waya. Litoboe sasa hivi kwa sindano nene risasi ikiwa bado ya vuguvugu.

Kwa mawe na majani yetu, chagua kalibu yenye tundu la kuwekea brashi ya kuzuia majani mbele ya ncha. Kwenye kalibu nyingi za besi tundu hilo ni la milimita 3.2. Kama pini yake imepotea, mkia laini wa drili ya milimita 3.2 unafanya kazi hiyo hiyo: uweke kabla ya kumimina, na uuzungushe kwa koleo sekunde kumi baada ya kumimina, usiuvute moja kwa moja. Brashi yenyewe unaitengeneza kwa vipande 25 hadi 28 vya mshipi wa nailoni wa milimita 0.5, vilivyogundishwa kwa gundi ya kuchanganya mbili. Ifyeke iwe fupi, ipite ncha kwa milimita 5. Ukiibonyeza kwa kidole na ikakataa kulala, punguza vipande vinne vitano, la sivyo itamzuia na sangara.

Rangi ya kucha, mikono miwili, inatosha kufunika risasi isiguse vidole. Rangi ya unga ni imara zaidi: pasha kichwa hadi nyuzi 170 hivi, chovya sekunde moja, kisha oka nyuzi 175 kwa dakika 20 kwenye oveni ya kazi hiyo tu.

Ukimaliza, acha kalibu ipoe yenyewe, usiimwagie maji, maana bamba litajipinda na halitafunga tena. Ifute, ipake mafuta mepesi kwenye bawaba, uifungie kwenye kitambaa kikavu na ndoana moja ya mfano ndani yake. Ndoana zikiisha, ichukue hiyo uende nayo dukani uilinganishe na za huko kabla hujalipa.